Wageni wa Alhamisi

11 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo, na huyo binti yenu ninayesikia ameanza kutembea kwa kushika kuta. Mwambieni bibi yake mkali anamsubiri. Huku sote tuzima. Goti la baba yako limetulia, ila mdomo wake ndio hauna mapumziko. Jana alishinda kwangu akinielekeza namna ya kuchemsha maji ya chai, mimi dada yake niliyemfundisha kushika kikombe.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku nasikia unaosha vyombo. Barua utaisoma umekaa.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja kwangu mwanamke mmoja, fundi cherehani, anayeshona sare za shule pale karibu na posta. Kumbe ana kikundi cha maigizo. Yumo yeye, kinyozi wake wa jirani, muuguzi mmoja na dereva wa lori. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa mji, lakini paa limeanza kubomoka na ukumbi umefungwa. Wanaomba ukumbi wetu wa kanisa, kila Alhamisi jioni, mpaka mchezo wao uwe tayari mwezi wa nane. Nilimuuliza yeye anasali wapi. Akaniambia, "Mama, mimi Jumapili nafua." Alivyolitamka, ungedhani ni dhehebu.

Nikalipeleka suala kwenye baraza la wazee, maana katibu ni mimi na ndiyo kazi yangu. Yule mzee mwenzangu tunayemwita Bwana Breki, kwa kuwa halijawahi kupita jambo mbele yake asilisimamishe, alisema leo ni maigizo, kesho ni disko. Na mimi, nakwambia bila kificho, niko upande wake. Dunia ina kumbi zake tele. Sisi tuna huu mmoja, uliojengwa na watu waliobeba matofali kichwani ili pawe na mahali pasipofanana na kwingine. Tukianza kufanana na kwingine, mtu atatoka kwake aje kwetu kutafuta nini?

Mchungaji wetu mzee alisikiliza yote, akasema tulifikirie, akafunga mkutano kwa sala fupi.

Wewe ni mchungaji uliyesoma. Nitafutie mistari miwili mitatu ya kuwakatalia kwa adabu. Sitaki kumwumiza yule mama. Ana uso mzuri.

Shangazi yako

26 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa, kama ulivyoagiza, na vyombo nikaviacha. Mke wangu anakusalimu. Zamu za hospitali zinamchosha lakini anacheka. Binti yetu ameachana na kuta. Sasa anashika mapazia, na mawili ameshayashusha.

Mistari ya kuwafukuza watu sina. Nimetafuta kwa nia njema kabisa, na kila nilipofungua nilimkuta Bwana anakula mezani na watu ambao Bwana Breki asingewapa hata kiti.

Njoo uone huku kwetu. Unajua tunakutana kwenye jengo lililokuwa la sinema. Tumeweka jukwaa, taa za rangi, magitaa matatu na ngoma za maana. Mlangoni kuna kahawa. Mahubiri yangu hayazidi robo saa, na nahubiri nimevaa jinzi. Tulikaa tukajiuliza ni nini kinachomtisha mtu wa mjini akisikia neno kanisa, na kila tulichokitaja tukakiondoa. Vitabu vya nyimbo, madawati, maneno magumu, vyote tukaviondoa. Vijana wanaotoka kwenye muziki Jumamosi wanaingia kwetu Jumapili na hawaoni tofauti. Hilo ndilo lengo. Tunawakuta walipo.

Kwa hiyo wape ukumbi. Wiki nzima umekaa mtupu unalea panya. Halafu, shangazi, tangu lini wewe ni adui wa maigizo? Nani aliyenifanya kondoo kila Krismasi, na shuka lako la kitanda mgongoni, nikakatazwa hata kujikuna?

Nakupenda sana, na mkeka wa kupokea matusi nimeshautandika.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Sitakutukana, ukunje mkeka wako. Mkeo asishike zamu mbili mfululizo, mwambie nimesema mimi. Mapazia ya mtoto yafungeni fundo.

Lakini nitakuuliza kitu. Umesema vijana wakiingia kwenu hawaoni tofauti. Mtu akiingia nyumbani kwangu asione tofauti na barabarani, basi ama sina mlango ama sina nyumba. Kuwa mkarimu si kubomoa kuta. Lifikirie hilo ukimaliza kunywa kahawa yako.

Hata hivyo umeshinda, au tuseme nusu umeshinda. Baraza lilipokutana tena, mchungaji alituacha tubishane mpaka tukachoka, kisha akasema, "Waingie. Ila wakiwa ndani, na mtu wetu awe ndani." Kila mtu akanigeukia mimi. Kwa hiyo kila Alhamisi nakaa kwenye kiti karibu na dirisha na sweta ya kufuma, kama mlinzi.

Mchezo wenyewe unahusu nyumba ya kupanga. Kuna mama mwenye nyumba, mkali kama pilipili, na wapangaji wake wenye visa. Muuguzi ndiye mama mwenye nyumba. Mmoja wa wapangaji ni mchungaji, na huyo anaigizwa na kinyozi. Mchungaji huyu ana karama moja tu: anajua chungu cha chumba gani kimeiva. Sufuria ikifunuliwa tu, yeye yuko mlangoni na Biblia kwapani, "Amani iwe kwenu, nilikuwa napita." Anaomba baraka ndefu kwa chakula cha watu huku jicho moja liko kwenye nyama.

Sikucheka. Nilikohoa. Fundi akaniuliza kama ninahitaji maji.

Shangazi

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote tuzima, mtoto ana meno mapya na anayafanyia majaribio kwenye mkono wangu.

Pasaka yetu ilikuwa kubwa. Alikuja yule mwanamuziki anayepigwa kwenye redio kila saa, watu wakajaa mpaka barabarani. Mengine tutaongea.

Ninaloandikia hasa ni hili. Baba amenipigia simu, ana wasiwasi. Anasema amepita kwako mara mbili akakusikia jikoni unafoka, "Funga virago utoke nyumbani kwangu, na kodi yangu uiache mezani." Akachungulia. Ulikuwa peke yako na bakuli la unga. Alipokuuliza ulimwambia akanywe dawa zake.

Unamfukuza nani, shangazi? Mke wangu anauliza, kwa sauti ya kinesi, kama unalala vizuri.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kumekuwa na mambo. Mkeo mwambie nalala kama gogo. Baba yako mwambie jikoni kwangu ni kwangu, na anayechungulia madirisha ya watu aone anachokiona.

Tumegombana hapa, nikueleze.

Bwana Breki alipita nje ya ukumbi Alhamisi moja, akamwona kinyozi amevaa kola ya kichungaji, amepiga magoti mbele ya sufuria. Hakulala. Jumapili ya wiki ile ile baraza likaitishwa: mchungaji wa kwenye mchezo aondolewe, au kikundi kiondoke. Nikatumwa nimwambie fundi. Alikuwa anabana pindo la sketi, sindano mdomoni. Akazitoa moja moja akazichoma kwenye mto wake, ndipo akasema, "Mama, nikimwondoa huyo, mchezo hauna moyo. Tutahama." Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma.

Mchungaji wetu akaomba aletewe maandishi ya mchezo ayasome. Nilimpelekea mwenyewe na nikakaa sebuleni kwake kumsubiri. Nikamsikia ofisini anacheka peke yake, kicheko cha kukata pumzi. Akatoka anafuta miwani. "Katibu," akaniambia, "huyu mtu ninamjua. Nimekula naye vyuo vitatu. Siku nyingine nimemwona kwenye kioo." Baraza zima akaliambia hivi: kanisa lisilovumilia kuchekwa lina wasiwasi na kitu. Mchungaji wa mchezo abaki.

Ningekuwa wewe, ningeishia hapo nifurahi. Lakini kulikuwa na onyesho lingine, na hapo ni mimi niliyesimama. Wapangaji wamelewa, wanachukua mkate na kikombe wanafanya mzaha wa meza ya Bwana, wanapeana huku wanapiga miayo na kujikwaa. Watu wa kikundi walivunjika mbavu. Mimi nikaweka sweta chini nikasema, "Hiyo hapana."

Fundi akauliza, "Mama, mchungaji tunaruhusiwa kumcheka, mkate hapana?"

Nikamwambia, "Mchungaji ni mtu. Atachekwa, na atapona. Mkate ule kwetu si kichekesho. Nilikula ule mkate wiki niliyomzika mume wangu, wakati chakula kingine kilikuwa hakipiti kooni. Mkiuchezea humu ndani, mimi siwezi kukaa kwenye kile kiti."

Nilitegemea anijibu kwa ukali. Akachukua kalamu akalikata onyesho lile kuanzia juu mpaka chini. Halafu akaniambia, "Ni afadhali, mama. Tangu tumekuja mnatukubalia au mnatukatalia kama watu wenye jengo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejua mnaamini nini."

Nilifuma mshono kombo jioni yote.

Sasa na wewe. "Mengine tutaongea" ndiyo nini? Barua ya mwezi wa pili ulinihubiria kuhusu mahubiri yako. Hii ya mwisho hukuyataja hata kwa bahati mbaya.

Shangazi

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo kabisa. Kwa sasa tumia anwani ya hospitali anakofanya kazi mke wangu, maana ofisi ya kanisa inapakwa rangi. Nimefurahi sana kuhusu mkate. Tutaandikiana.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Rangi hiyo inapakwa na mchoraji gani, kiasi kwamba barua haiwezi kupita chini ya mlango?

Mimi nilikutawaza ukiwa mchanga, nakujua. Ulipovunja dirisha la jirani ulikuja nyumbani ukaniambia hewa imekuwa nzuri. Kuna jambo. Nami, nikiri, kuna jambo ambalo sijakwambia, na baba yako ameanza kunifuatilia kama askari kanzu. Tufanye hivi: toa lako, nitatoa langu. Wewe ndiye mdogo, anza.

Mtoto mbusu.

Shangazi

7 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo. Mtoto nimembusu, yuko hapa mapajani anajaribu kula kalamu. Nina nafasi ya kumshika mchana kutwa. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Ni ile Pasaka. Mwanamuziki aliimba nyimbo nne, watu wakapiga kelele mpaka taa zikatikisika. Akamaliza, akapunga mkono, akatoka kwa mlango wa pembeni. Na watu wakamfuata, shangazi. Si wote, lakini wengi, na simu zao juu wanataka picha. Mimi nikapanda jukwaani kusema Bwana amefufuka, na viti vilikuwa vinajikunja kimoja baada ya kingine, vile viti vya sinema, unajua sauti yake. Nikahubiri hivyo hivyo. Tukaimba wimbo wa mwisho. Nikaenda kusimama mlangoni kushikana mikono na waliobaki.

Akaja mama mmoja amevaa vizuri, na kikombe cha kahawa mkononi, akaniuliza kwa heshima, "Samahani kijana, ibada inaanza saa ngapi?"

Alikuwa ameketi ndani tangu mwanzo. Alidhani ni burudani ya kusubiria.

Ningecheka kama ingemtokea mtu mwingine. Nilimwambia, "Mama, imekwisha." Uso wake ulivyobadilika, sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Alikuwa ametoka mbali. Hakunilaumu, alisema tu, "Oh," akatafuta pa kuweka kikombe.

Nikaenda kwenye kamati nikawaambia tumekosea mahali. Sikuwa na mpango, nilijua tu kwamba tumekosea. Wakasema watu wanapenda hivi ilivyo. Nikauliza wanapenda nini hasa, tukapandishiana sauti, na mwishowe nikapewa likizo ya kupumzika mpaka mwezi wa tisa. Waliniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba leo anaonekana afadhali. Nyumbani nafua, napika, nambeba huyu. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nimejisifu sana mwezi wa pili, na wewe barua unazihifadhi, naamini na zangu pia.

Lile neno la fundi wako, kwamba sasa anajua mnaamini nini, nimelisoma kwa sauti kwa mke wangu. Wewe una watu wa kugombana nao kuhusu mkate. Kwangu hakuna aliyewahi kukasirika kwa lolote, maana hapakuwa na kitu cha kujikwaa nacho.

Sijui kama nitarudi. Haya, toa lako.

Mwanao

22 Julai

Mwanangu mpenzi,

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukusimanga, mazuri kweli, tangu lile suala la jinzi. Nimeyatupa. Umeniliza, halafu nilipofika kwenye yule mama na kikombe nikacheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Mungu atanisamehe na wewe pia.

Langu ni hili. Mwezi wa nne yule muuguzi alihamishiwa kituo kingine cha mbali. Fundi akaniomba niwe nasoma tu maneno ya mama mwenye nyumba mpaka wapate mtu. Nikasoma. Hawakutafuta mtu. Nilipouliza wamefikia wapi, kinyozi akasema, "Mama, tangu uanze, mimi nikiambiwa nitoke natoka kweli." Basi ndiye mimi. Ndiyo maana ya jikoni. Unga nilikuwa naukanda, na maneno nayatia sauti.

Sikukwambia kwa sababu niliyokuandikia mwezi wa pili unayo huko, na wewe pia ni mtu wa kuhifadhi.

Bwana Breki alipojua alikaa kimya mbele ya kanisa zima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akaomba yeye ndiye ashike kamba ya pazia. Anasema ni kwa ajili ya usalama, apate kulifunga likitokea la kutokea. Fundi amemkubalia. Kumbe ana mkono laini wa kamba, hatujui alijifunzia wapi, na hataki kuulizwa.

Usidhani nimebadilika. Bado naamini ile nyumba lazima ionekane ni ya nani. Ila nilikuwa nimeketi ndani ya nyumba hiyo nimefunga komeo, najisifu kwa usafi wa sakafu ambayo haikanyagwi. Wewe kazi yako si kurudisha madawati wala kuyatupa. Watu wamekuja kwako, jambo ambalo mimi siwezi kujisifia. Sasa wape kitu.

Mchezo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa kumi jioni. Njooni wote. Mtamwambia baba yako kwamba sijarukwa na akili, kwa sababu mimi hanisikilizi.

Shangazi yako, mwenye nyumba

18 Septemba

Shangazi,

Shikamoo mara nyingi. Tulifika salama, mtoto alilala njia nzima, na ile sweta inamfaa, hata ule mshono kombo.

Siku ya mchezo ulizungukwa na watu, sikupata nafasi ya kukueleza nilichokiona nikiwa kwenye kiti, maana wewe ulikuwa umegeukia upande mwingine.

Ulipotupa sanduku la kinyozi nje, baba alisimama akamwambia jirani yake, "Hivyo hivyo ndivyo alivyonilea." Nyuma yangu kulikuwa na safu nzima ya madereva wa malori waliokuja kumwona mwenzao, watu ambao, kwa kauli yao, hawajaingia ua wa kanisa tangu kubatizwa. Walikuwa wanapiga mapaja. Kisha likaja onyesho la mwisho, mchungaji amefukuzwa, amekaa juu ya sanduku, hana chungu cha kunusa. Nilitegemea kichekesho. Kinyozi akafumba macho akaanza kumwombea mama mwenye nyumba aliyemtoa. Akaombea miguu yake inayovimba, na ngazi anazopanda kila siku, na upweke wake wa jioni. Taratibu, bila kupaza sauti, kama mtu anayeongea na mtu aliye karibu.

Mchungaji wenu mzee aliniambia baadaye kwamba fundi ndiye aliyemwendea ofisini akamwambia, "Nina mchungaji anayejua kula, sina anayejua kuomba. Nifundishie." Na kwamba alimfundisha kinyozi Alhamisi kadhaa baada ya wewe kuondoka, na jambo alilomwambia ni moja tu: usimwombe Mungu akutendee, mwombee aliyekufukuza.

Sala ile ikaisha. Ndipo dereva mmoja nyuma yangu, mtu mwenye shingo nene, akasema "Amina," akashtuka mwenyewe. Safu nzima ikaitika. Na wewe, shangazi, ulisahau maneno yako. Nilikuona. Ulitakiwa kumwambia aondoke hata pale mlangoni, ukasimama mdomo wazi, mpaka Bwana Breki akavuta pazia kwa hiari yake. Fundi alisema mwisho huo hakuuandika yeye lakini atauacha hivyo.

Nimerudi kazini Jumapili mbili zilizopita. Sikuja na mageuzi. Niliomba kamati jambo moja: wakati wa mahubiri tuzime taa za jukwaa, tuwashe zile za kawaida za ukumbini. Wakaniona nimeomba kidogo, wakakubali haraka.

Shangazi, nilikuwa sijawahi kuwaona. Taa zilikuwa zinanipiga machoni. Nilikuwa nahubiria giza lenye sauti ya kahawa. Safari hii nikaona nyuso. Kwenye safu ya kando alikuwepo kijana amevaa sare ya ulinzi, ameinamisha kichwa, analia bila kujificha, kama mtu aliyezoea kwamba pale hakuna anayeona. Nikaacha nilichokuwa nasema. Nikashuka nikakaa kwenye kiti cha pembeni yake, nikamuuliza ana nini. Mama yake alikuwa amelazwa. Amekuwa akija kwetu mwaka mzima. Tukamwombea, ukumbi mzima, kwa sauti, bila gitaa. Ibada ilipitiliza. Wawili walitoka, mmoja akaangalia saa yake nikiona. Waliobaki wakawa hawataki kwenda.

Yule mama mwenye kikombe hajarudi. Bado namtazamia mlangoni.

Kamati imesema tutaangalia mpaka mwisho wa mwaka. Magitaa yako pale pale, na jinzi ninayo. Ila sasa mtu akiniuliza ibada inaanza lini, ninalo la kumwonyesha.

Mwanao

3 Oktoba

Mwanangu,

Tumefurahi. Baba yako ameisoma barua yako mara nne, na kila akifika mahali anaposemwa yeye ananitazama. Mama wa huyo mlinzi anaendeleaje? Usinijibu kwa jumla. Niambie alipolazwa, na mkeo amwangalie.

Kikundi kimeomba kiendelee na Alhamisi, na baraza limekubali bila ubishi, isipokuwa Bwana Breki, aliyetaka iandikwe kwamba kamba ya pazia haitashikwa na mtu mwingine. Kinyozi anamnyoa mchungaji kila mwezi sasa. Wanakaa pale wanabishana kuhusu Ayubu mpaka wateja wanaondoka.

La mwisho. Jumapili iliyopita nilichelewa kidogo, kwaya ilikuwa imeshaanza. Nikaenda kwenye dawati langu la kule nyuma nikakuta mtu amekaa. Ni fundi. Amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kwa daktari. Aliponiona aliniwahi kwa sauti ya chini kabla sijafungua mdomo.

"Mama, sijaja kuokoka."

Nikamwambia, "Sijakuuliza. Sogea kidogo, na mimi nikae."

Akasogea.

Shangazi yako